Shingo ya Karani

Wateja walimwita Vidole, na jina hilo alilitolea jasho. Akishika kichwa saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri kimekwisha, mistari imenyooka kama ya daftari jipya, na mwenye kichwa hajatoa chozi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja: viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka kona ya chini, rafu ya vichana na mafuta, benchi la wanaosubiri, na ukutani, mahali ambapo wasusi wenzake hubandika picha za mitindo, runinga nene ya zamani. Chini ya runinga kulikuwa na mashine ya gemu ambayo, kama ingekuwa mtu, ingekuwa imekwisha kuoa.

Mashine hiyo aliachiwa na kaka yake alipohamia mji mwingine kikazi. Vidole alitaka kuitupa stoo. Kilichomzuia ni mteja mmoja mwenye kichwa kisichotulia, aliyeomba aiwashe kidogo apoteze muda. Hapo Vidole akagundua jambo ambalo hakuna chuo cha ususi kinachofundisha: mtu anayecheza gemu hageuzi kichwa. Anatazama mbele tuli, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Tangu siku hiyo pedi ya kuchezea ikawa kifaa cha kazi. Ilikaa rafuni kando ya kichana cha mkia, na vitufe vyake vikanuka mafuta ya nywele.

Gemu lenyewe lilikuwa moja. Diski nyingine zilikuwa za mpira na za kupigana, na Vidole alizipiga marufuku baada ya wiki, kwa sababu mpira humrusha mtu kitini. Lililobaki lilikuwa la hadithi. Msichana anapewa barua na baba yake mgonjwa aipeleke kwa kaka yake, ambaye aliondoka nyumbani kwa hasira miaka mingi iliyopita na hakuna ajuaye anakaa wapi. Basi msichana anatembea. Anauliza mji huu, anaelekezwa mji ule. Kati ya mji na mji kuna njia ndefu, nyasi na upepo tu, dakika kumi nzima wakati mwingine, na mchezaji hana la kufanya ila kushikilia kitufe cha kwenda mbele. Saluni nzima ilimwita msichana huyo Mjumbe.

Wapo waliolalamika kwamba njia zinachosha. Vidole alikuwa na maoni yake kuhusu hilo, na aliyatoa bila kuombwa.

"Mtu anamfuata ndugu aliyeondoka kwa hasira, unataka afike kwa dakika mbili?" alikuwa akisema, uzi mdomoni. "Atakuwa amewaza saa ngapi? Mwache atembee."

Tena njiani ndiko watu walikoongea. Mjumbe anatembea, mteja anaanza na habari za kazini, na kabla ya mji unaofuata amekwisha kusema lililomkaa moyoni. Vidole alisikia mambo mengi zaidi ya siri kwenye zile nyasi kuliko shehe na padri kwa pamoja.

Tatizo lilikuwa moja. Kichwa kikiisha, mteja anaondoka. Mitindo mingi ni ya saa tatu au nne, na kwa saa nne Mjumbe huwa hata mji wa pili hajauvuka. Mteja akirudi baada ya miezi miwili amesahau alipoishia, anaanza upya. Kwa hiyo Vidole aliujua mwanzo wa hadithi ile pengine kuliko walioitunga. Ameuona ukichezwa na wauguzi, na mpishi wa shule, na mabibi harusi wasiohesabika. Mwisho wake hakuwahi kuuona. Yeye mwenyewe hakuweza kucheza, maana mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu tangu asubuhi mpaka jioni.

Mtu pekee aliyefika mbali alikuwa Karani.

Karani alifanya kazi mahakamani. Aliandika maneno ya mashahidi neno kwa neno, na alicheza gemu vivyo hivyo. Hakumruka mtu. Akimkuta mzee anayeuza mishumaa kando ya njia, atamsikiliza mpaka amalize, arudie tena kama kuna jambo amebakisha. Alipenda rasta nyembamba sana, za kukaa kitini saa saba, na hakunung'unika. Maandishi ya gemu yalikuwa ya lugha ya kigeni ambayo Vidole aliiokota maneno mawili matatu tu, basi Karani alimtafsiria kwa sauti, kavu, bila kutia chumvi.

"Anasema hamjui. Anasema hata kama angemjua asingesema. Anakohoa."

"Anakohoa kweli au anajikohoza?"

"Haikuandikwa."

Walikwenda hivyo miaka sita, Jumamosi moja kila baada ya miezi miwili. Mashine ilikuwa na nafasi nane za kuhifadhia safari, na nafasi ya tatu ilikuwa ya Karani. Mteja mmoja aliyeigusa kwa bahati mbaya alisukwa kwa nguvu kidogo siku hiyo. Katika zile njia ndefu Vidole alijua namna ndoa ya Karani ilivyokuwa ikipoa mwaka hadi mwaka, watu wawili wanaoishi nyumba moja na kuulizana tu kama gesi imekwisha. Karani naye alijua kwa nini Vidole hakuolewa, jambo ambalo hata Mama Mdogo hakuambiwa, na Mama Mdogo ni mtu aliyeamini kwamba anaambiwa kila kitu.

Huyo Mama Mdogo alikuwa mdogo wa marehemu mama yake Vidole. Aliishi naye, na kutwa alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa saluni akichambua nywele za kuongezea. Gemu alilidharau.

"Huyo mtoto bado hajafika tu?" aliuliza kila Jumamosi. "Si wampe nauli."

Lakini kuna kitu kingine kuhusu kazi ya Vidole ambacho lazima kisemwe. Msusi hatazami runinga sawasawa, macho yake yako kwenye utosi. Hadithi ile aliisikia kwa mikono. Mjumbe akipata hatari, shingo ya mteja hukaza kabla hata mteja hajashtuka. Akipona, mabega hushuka. Shingo ya Karani ndiyo Vidole aliyoijua kuliko zote. Karani alikuwa mwoga wa mbwa, tena mwoga wa kweli, na mbwa wa gemu akibweka tu, hata kwa mbali, kano mbili za kisogoni zilisimama kama kamba za kuanikia nguo.

Jumamosi ya mwisho waliyokuwa pamoja walifika ukingo wa bonde. Muuza mishumaa alikwisha sema: ng'ambo ya bonde kuna mji mdogo, na kaka mtu yuko huko. Kichwa kilikuwa kimekwisha, jua limeshuka, Mama Mdogo ameanza kufagia miguuni mwao kwa makusudi.

"Kichwa kijacho tunamaliza," Karani alisema akijitazama kiooni.

"Usije ukaota mwisho peke yako," Vidole akamjibu, na wakapeana mkono kama watu waliouziana shamba.

Kisha Karani hakurudi. Miezi miwili ikapita, ikawa minne. Vidole akatuma ujumbe kuuliza nywele zinaendeleaje. "Kazi zimenibana dada, nitakuja," Karani alijibu. Mwezi wa sita Vidole akatuma tena, na jibu likawa lilelile, fupi zaidi. Baada ya hapo hakutuma. Ana kiburi chake.

"Amepata msusi mwingine," Mama Mdogo alitoa hukumu kutoka kwenye kigoda.

Hilo lilimkata Vidole maini. Wateja huhama, ni kawaida, na yeye si mtu wa kulilia kichwa cha mtu. Huyu alikuwa akimlilia. Wengine wakicheza, bado jicho lake lilikwenda kwenye ile nafasi ya tatu, tarehe yake imeganda, Mjumbe amesimama ukingoni mwa bonde na barua yake.

Ni katika miezi hiyo lilipotoka gemu jipya. Habari aliletewa na mpwa wake, binti wa kaka yake, fundi wa simu mwenye banda mtaa wa pili. Aliingia siku moja ya katikati ya juma, saluni ikiwa tupu, na kompyuta yake kwapani.

"Shangazi, Mjumbe amezaliwa upya," alisema. "Gemu ni lilelile, wamelitengeneza tena toka mwanzo. Njoo uone."

Vidole akaona. Kwanza akapenda, tusimsingizie. Mvua ilinyesha ungedhani utaloa. Nyasi zilitikisika moja moja. Baba mgonjwa alikuwa na mikunjo usoni na kucha zilizokatwa vibaya, na Vidole akasikitika kwa ajili yake kuliko alivyowahi kusikitika kwa yule baba wa zamani aliyefanana na gunia. Kisha Mjumbe akageuka, na zile nywele ambazo zamani zilikuwa bonge moja la rangi ya udongo sasa zilikuwa zimesukwa, rasta moja moja.

"Nani kamsuka huyu?"

"Shangazi, ni gemu."

"Hata kama. Tazama huo mstari wa nyuma, umekwenda kushoto ukarudi kulia. Watu wamechora mpaka vinyweleo vya mkononi, wakashindwa kumuuliza msusi mmoja?"

Mpwa akacheka, akaendelea. Mjumbe akatoka mji wa kwanza. Ikaja ramani, mpwa akabonyeza, na Mjumbe akawa mji wa pili.

"Subiri. Njia iko wapi?"

"Unairuka. Ukitaka kutembea unaweza, ila nani ana muda? Halafu wameifupisha, siku hizi ni kama dakika moja hivi."

"Na muuza mishumaa?"

"Nani?"

Vidole akashusha pumzi. Kulikuwa na jambo lingine lililomkera, na ilimchukua muda kulipatia maneno. Mjumbe huyu mpya alikuwa anaongea. Akiona mto anasema ule mto unamkumbusha kaka yake. Akiwa na huzuni anasema ana huzuni. "Yule wa zamani alikuwa kimya," Vidole alisema hatimaye. "Nilikuwa namuwazia mimi. Huyu ananiwazia yeye, mimi nikae tu kama mzigo."

Mpwa hakuwa mtu wa kunyamazishwa hovyo. "Wewe humpendi kwa sababu si yule uliyemzoea," alisema. "Mimi lile la zamani lilinishinda, shangazi, nililala. Hili nimelimaliza na nimelia. Kwa hiyo machozi yangu ni ya bandia? Na watu wasio na mashine kama yako, waikose hadithi kwa sababu ninyi mnapenda kutembea kwenye nyasi?"

Vidole alipenda kwamba binti huyu hamwogopi. Alikubali kwamba hadithi ikibaki kwenye mashine chache zinazokufa moja moja, nayo itakufa. Alikubali na mvua. Njia hakukubali.

"Basi nikuonyeshe mwisho," mpwa akasema kwa upole. "Dakika ishirini tu. Utaacha kuutazama huo mlango kila Jumamosi."

Vidole alifunga kompyuta kwa kiganja, taratibu, kama anavyofunika kopo la mafuta. "Namngoja mtu," alisema.

"Na asiporudi?"

Vidole akajibu kwamba ana mteja anasubiri. Benchi lilikuwa tupu.

Karani alirudi Jumamosi moja asubuhi, bila taarifa, kajifunga kilemba. Mama Mdogo alimwona kwanza na akainuka kabisa kutoka kwenye kigoda chake, kitu ambacho hakifanyi hata kwa wagonjwa.

"Hodi," alisema Karani.

"Karibu," alisema Vidole, na mikono yake ikatafuta taulo ambalo lilikuwa begani mwake.

Wasusi hawahoji watu, wanakagua. Karani alipoketi na kuvua kilemba, Vidole alipitisha vidole pembeni mwa paji la uso, nyuma ya masikio, kisogoni, akitafuta alama ya mkono mwingine. Mkono wa mtu huacha alama: nywele zilizovutwa, mstari wa mgeni. Hakuona kitu. Zilikuwa nywele zilizolala bila kusukwa miezi minane, kavu, zinaomba mafuta. Vidole alimtupia Mama Mdogo jicho la ushindi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajisikia mwepesi.

"Zilezile?" aliuliza.

"Zilezile. Nyembamba."

Karani alikuwa amepungua kidogo. Walizungumza habari za hali ya hewa na za hakimu mpya anayeongea haraka kuliko kalamu. Nusu ya kichwa ilipokaribia, Vidole aliinua pedi rafuni, akaifuta, akamwekea mapajani. Nafasi ya tatu ikafunguka, na Mjumbe akaanza kushuka bondeni.

Bonde lile lina ukungu, na katikati kuna mkokoteni uliopinduka. Vidole hakuwahi kufika hapo, lakini yeyote aliyewahi kusikia hadithi anajua mkokoteni uliopinduka hauwekwi bure. Alijiandaa. Alilegeza mkono ili shingo ya Karani ikiruka asimvute nywele.

Mbwa wakatoka nyuma ya mkokoteni, watano, kwa kishindo kilichomfanya Mama Mdogo aangushe fungu la nywele kule mlangoni.

Shingo ya Karani haikutikisika.

Tena si shingo tu. Kidole gumba chake kilikuwa kimekwisha kumpeleka Mjumbe kushoto, juu ya jiwe, kabla mbwa wa kwanza hajaonekana. Mbwa walibweka chini ya jiwe, na zile kano mbili za kisogoni zililala laini, za mtu anayetazama watu wakipita.

Mikono ya Vidole ikasimama.

"Umeshaliona hili," alisema.

Karani aliondoa vidole vitufeni. Alilaza pedi mapajani. Mbwa waliendelea kubweka.

"Karani. Umemaliza?"

"Nimemaliza," alisema Karani, akitazama mbele. Alilisema kama wasemavyo wale anaowaandika, waliochoka kukana. "Nilinunua lile jipya. Nilisema nitazame mji wa kwanza tu, nione walivyoutengeneza. Mle hakuna njia, dada. Unabonyeza, umefika. Siku nne nikawa nimefika kwa kaka yake. Nikajiambia simama hapohapo, mngoje Vidole. Nikabonyeza."

"Kisha?"

"Kisha likaisha. Nikatafuta wa kumwambia, na wa kumwambia ni wewe. Ningekuambiaje? Na nilijua nikikaa hapa nikajifanya sijui kitu, utanishika. Mikono yako naijua. Nimepita hapo nje mara tatu, nikimwona Mama Mdogo mlangoni napiga kona."

"Nilimwona mbili," alisema Mama Mdogo.

Vidole akageuka. "Ulimwona ukanyamaza?"

"Nilidhani anakwenda kusukwa kwingine. Nikuumize ya nini?"

Vidole alibaki na kichana mkononi. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe aliionea haya, maana ukiisema kwa sauti inachekesha: mwanamke mzima, fundi wa watu, ameumizwa na gemu. Lakini iliuma, na aliisema.

"Afadhali ungesukwa kwingine," alisema. "Kichwa ni chako, kipeleke utakako. Ule mwisho ulikuwa wetu."

"Najua."

"Miaka sita."

"Najua, dada. Utanimalizia niende?"

Nusu ya kichwa cha Karani ilikuwa imesukwa vizuri sana, nusu nyingine imesimama kama imesikia habari mbaya. Vidole alikitazama kwa muda. Kisha akafuta mikono kwa taulo, kidole kwa kidole, akaning'iniza taulo kwenye msumari.

"Toka kitini," alisema.

"Mwanangu," alisema Mama Mdogo, "humtoi mtu nje na nusu kichwa. Hata adui hafanyiwi hivyo."

Karani aliinuka, uso umemshuka, akaanza kutafuta kilemba chake. Vidole akaketi mahali pale, akavuta kiti mbele, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo pedi."

Hakuwahi kuishika kwa kucheza maisha yake yote, na ilionekana. Mjumbe alishuka kwenye jiwe kinyumenyume na kuliwa. Akarudishwa mwanzo wa bonde, akagonga mkokoteni, akaliwa tena. Mara ya tatu alikimbia vizuri, ila alikimbia kuelekea kwa mbwa. Mikono iliyoweza kugawa unywele mmoja mara mbili haikuweza kumgeuza msichana mmoja kushoto.

"Shika ile ya—" Karani alianza, akiwa amekaa pembeni kwenye benchi.

"Mahakamani, shahidi akijisemea bila kuulizwa mnamfanyaje?"

Karani akafunga mdomo. Ilimgharimu. Mbwa walipomla Mjumbe mara ya sita aliuma ukingo wa kilemba chake. Mara ya nane Mjumbe akapita. Hakuna aliyeshangilia, isipokuwa Mama Mdogo alikuwa ameacha kigoda na kusimama nyuma ya kiti, fungu la nywele mkononi, akijifanya anatafuta mwanga.

Baada ya bonde ikaja njia. Ilikuwa ndefu kuliko zote, nyasi na upepo, na Vidole aliitembea yote na kidole chake kigumu kwenye kitufe cha mbele. Hakuna aliyeongea. Ikaja nyumba moja ya mawe, na Mjumbe akafika mlangoni, akasimama.

Mlango ulikuwa umefungwa.

"Siyo hivi," alisema Karani.

Vidole hakumgeukia. "Usiniambie."

"Hapana, dada, sikuambii. Hii sijaiona. Kule mlango uko wazi. Kaka mtu anamwona kupitia dirishani, anatoka mbio, wanakutana bustanini. Huku hakuna hata bustani." Alikuwa amesimama. "Hapa sijawahi kufika."

Vidole sasa akamgeukia, akamtazama usoni kama anavyotazama mstari, na akaona kwamba ni kweli. Furaha ilimjaa mpaka akaona aibu, furaha ya mtu aliyedhani nyumba imeungua akaikuta imesimama. "Basi soma," alisema.

Hakukuwa na cha kusoma. Skrini haikuandika kitu. Vidole akabonyeza kitufe kimoja, Mjumbe akaruka. Akabonyeza kingine, akakunjua ramani. Kingine, akaketi chini mbele ya mlango na kujisugua miguu. Dakika zikapita, na gemu halikuwa na haraka nao. Karani hakujua. Vidole hakujua.

"Si abishe hodi," alisema Mama Mdogo. "Watoto wa siku hizi."

Vidole akamsogeza Mjumbe mpaka pua yake ikakaribia ubao, na akakishikilia kitufe cha mbele. Msichana akainua mkono, akagonga.

Mlango ukafunguka. Alisimama mtu mwenye mvi, mnene kama gunia, kama watu wote wa gemu lile. Chini ya skrini likatokea neno moja.

"Anasema," Karani alisoma, na sauti yake kavu ikakwama, akaanza upya. "Anasema, 'Umechelewa.'"

"Halafu?"

"Halafu basi. Amesogea pembeni. Ameacha nafasi."

Mjumbe akapita. Mlango ukafungwa, wao watatu wakabaki nje pamoja na upepo, na majina ya watu yakaanza kupanda kwenye skrini. Barua haikufunguliwa.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza Mama Mdogo. "Miaka sita, ndiyo hivyo tu?"

"Kwenye jipya anaisoma barua yote," alisema Karani. "Kwa sauti. Anamsamehe baba yake, anamsamehe na dada yake, kuna kinanda. Nililia sana."

"Na hapa?"

Karani alikuwa anajifuta kwa kilemba. Vidole naye alikuwa analia, wala hakujificha. Alifikiri mpwa wake alikuwa na haki na machozi yake, na kwamba atamwita Jumatatu aje aone mlango huu. Kisha akazima runinga, akainuka, akasimama pembeni ya kiti.

Karani aliketi. Vidole alichukua kichana cha mkia, akatenga mstari, akapaka mafuta mahali palipokauka. Bila runinga chumba kilikuwa kimya, na Mama Mdogo, kwa busara ambayo hakuzoea kuionyesha, akarudi na kigoda chake nje kabisa.

"Haya," alisema Vidole. "Hiyo miezi minane."

"Nianzie wapi?"

"Ulipotoka hapa. Na usiruke."

Vidole akahisi kano za kisogoni zikisimama chini ya mkono wake, na akapunguza kasi.

"Jumamosi ile nilipotoka hapa," alisema Karani, "nilifika nyumbani nikakuta kabati la mume wangu liko wazi, na nguo zake hazimo."